Viti Mia Nne Vyenye Nia Mbaya

Hapo kesho kutwa palikuwa na nchi moja iliyoitwa Shwari. Msomaji asishangae nikiianza hadithi kesho kutwa badala ya zamani. Huko Shwari mambo yote makubwa hutokea kesho kutwa, na serikali huyamaliza leo.

Ilikuwa nchi nzuri, sina ubaya nayo. Ilikuwa na mto, milima miwili, na wimbo wa taifa usio na maneno. Maneno yalikuwepo, lakini yaliondolewa ilipogundulika kwamba watu wakiyaimba kwa pamoja husikika kana kwamba wamekubaliana jambo.

Hapo mwanzo askari wa Shwari walipata taabu sana. Ukitaka kumkamata mtu, shurti uende kwa hakimu ukaombe hati, na mahakimu walikuwa na tabia moja ya kuudhi. Walikuwa wakiuliza mtu huyo amefanya nini. Askari wengi walirudi vituoni wamenuna kwa ajili ya swali hilo, na wengine walifikia hatua ya kufanya uchunguzi. Ndipo Waziri wa Amani ya Mapema aliposimama bungeni, akavuta koti, akanywa maji, akatoa hotuba ambayo hadi leo watoto wa shule huikariri.

"Waheshimiwa," alisema, "mwizi anayekamatwa baada ya kuiba ametudharau. Ametufanya sisi tuwe watu wa nyuma. Serikali hii haitakubali kutanguliwa na mhalifu. Tutamkuta njiani. Na asipokuwa njiani tutamkuta kwake, amekaa, kabla hajajua kwamba ana safari."

Wabunge walipiga meza mpaka glasi zikaruka. Mbunge mmoja aliyekusudia kuuliza swali alikamatwa akiwa bado anatafuta miwani yake.

Hiyo ndiyo Sheria ya Kuwahi. Iliruhusu askari yeyote kumkamata mtu yeyote, bila hati na bila hakimu, akimwona anaelekea kukusudia kosa, na kumweka ndani mpaka hatari ipite. Hatari hupita lini, sheria haikusema, maana hatari nayo ina uhuru wake. Mwaka wa kwanza walikamatwa watu elfu nne na mia sita, na takwimu zikaonyesha kwamba hakuna hata mmoja wao aliyetenda kosa alilokamatiwa. Ufanisi wa asilimia mia. Nchi jirani zilituma ujumbe kuja kujifunza, na wajumbe wawili walioonekana wakiandika sana walihifadhiwa.

*

Sasa katika mji wa Kitopeni aliishi bwana mmoja aitwaye Msabaha, mkodishaji wa viti na maturubai. Harusi, msiba, maulidi, kipaimara, hakuna shughuli pale mjini iliyokaliwa bila viti vyake. Vilikuwa mia nne, vya plastiki, vya buluu, na vinne kati yake vilikuwa na miguu iliyofungwa waya. Alivijua kimoja kimoja. Alijua hata ni kipi alichokalia marehemu fulani kabla hajawa marehemu.

Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka sita. Tangu siku hiyo Msabaha alimlea Kidawa peke yake, na kila Jumapili alimsuka nywele kwa mikono yake mwenyewe. Alimsuka vibaya. Njia zilikwenda kombo kichwani kama njia za mbuzi, na mtoto alikwenda nazo shuleni, akiulizwa nani kakusuka anajibu kwa fahari, baba. Ukitaka kujua Msabaha alimpenda vipi binti yake, hutahitaji kuambiwa zaidi ya hapo.

Na sasa Kidawa alikuwa anaolewa. Ndoa ilipangwa Ijumaa baada ya swala ya alasiri, na siku hiyo haikuweza kusogezwa hata kidogo. Bwana harusi, Shomari, alikuwa mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya mpakani. Basi lake lilikuwa linaondoka Jumamosi asubuhi, na likizo ya kwanza huko hutolewa baada ya miaka miwili. Ikipita Ijumaa, imepita.

Msabaha hakuogopa wageni wala chakula. Aliogopa kulia. Yeye ndiye walii, yeye ndiye wa kuushika mkono wa bwana harusi na kutamka mbele ya watu kwamba nimekuoza binti yangu, na kila akijaribu kuyasema maneno hayo machozi yalikuwa yanamtangulia. Kwa hiyo akaanza mazoezi. Kila asubuhi alivipanga viti vyake uani, safu kwa safu, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono, akatamka.

Jirani mmoja mwenye ukuta mfupi aliona. Akaenda kituoni kueleza, kwa uchungu wa nchi yake, kwamba kuna mtu anahutubia viti.

*

Jumatano asubuhi alikuja Koplo Mwinchande, kijana aliyekulia mtaa uleule na aliyekula kwa Msabaha mara nyingi kuliko kwao. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusaidia maturubai?"

"Hapana, baba. Nimekuja kukuwahi."

Msabaha alidhani anataniwa. Alimkaribisha chai, Koplo akainywa akiwa amesimama kwa sababu alikuwa kazini, kisha akaeleza. Jumamosi, Mheshimiwa Mlezi wa Taifa angepita Kitopeni. Angepita kwa ndege, juu sana, akienda kwingine, lakini kupita ni kupita. Kwa wiki nzima hiyo mikusanyiko yote ilihitaji kibali, na ofisi ya vibali ilikuwa imefungwa wiki nzima hiyo kwa sababu za kiusalama. Basi mtu mwenye viti mia nne anayefanya mazoezi ya hotuba, Koplo alisema huku akitazama kisosi, baba mwenyewe ufikirie.

Msabaha aliuliza hati iko wapi. Koplo akacheka kwa huruma, jinsi mtu anavyomcheka mzee anayeuliza bei kwa fedha za zamani.

Inspekta Pazi, mkuu wa kituo, alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mwandiko mzuri mno. Alikuwa na medali ya Ufanisi wa Mapema, na alikuwa nayo kifuani hata siku za kawaida. Alimketisha Msabaha, akachukua Fomu ya Kosa Tarajiwa, akauliza viti vile vilikuwa vinamsubiri nani.

"Wageni, afande. Namwoza binti yangu keshokutwa."

"Wangapi?"

"Mia nne, Mungu akipenda."

Inspekta akaandika kwamba yupo mshirika mmoja, aitwaye Mungu, ambaye bado hajapatikana. Kisha akaeleza, bila ukali wowote, kwamba harusi ni kisingizio kizuri sana kwa sababu watu huwa wanakuja. Kiti hakina kazi nyingine ila kukaliwa. Anayekaa karibu na mwenzake huzungumza, na wanaozungumza hatimaye huulizana habari za maisha. Msabaha alisema anaomba basi aende akamwoze mtoto kisha arudi mwenyewe, hata kwa miguu. Inspekta alisikitika kweli. Akasema hawezi kumruhusu mtu kwenda kutenda lile lile alilozuiwa asilitende. Vilevile hawezi kuruhusu ampe mwingine uwakili wa kuoza, maana hapo watakuwa wawili.

Mchana huo viti vyote vililetwa na lori kama vielelezo. Vikaandikwa namba kwa chaki, moja mpaka mia nne. Kwa kuwa kanuni inataka kielelezo kiwe mbele ya macho ya mtuhumiwa, askari walivipanga safu safu uani kwa kituo, vyote vikitazama dirisha la mahabusu.

*

Ndani Msabaha alimkuta Machano, fundi wa kufuli, aliyekamatwa miaka mitatu nyuma kwa sababu anajua kufungua. Kufuli la mahabusu liliwahi kuharibika mara mbili tangu aingie, na mara zote mbili walimwita yeye akalitengeneza kutokea ndani. Kila mwezi Inspekta humuuliza kama bado ana nia. Akisema hana, huandikwa kwamba anaficha. Mwezi mmoja alijaribu kusema anayo, wakamshukuru kwa ukweli wake na kumwongezea muda.

Msabaha alikaa chini, akashika tama. Akasema Ijumaa itamkuta humu ndani, mtoto wake atakaa amepambwa asiozwe, na kijana wa watu ataondoka. Machozi yalimtoka bila mazoezi yoyote.

Machano alimwacha alie, kisha akamwambia jambo.

"Jumatatu waliletwa wezi wawili wa mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa nao mkononi. Jumanne walikuwa kwa hakimu, Jumanne hiyohiyo wakapewa dhamana wakaenda zao. Aliyefanya kosa ana saa ishirini na nne, ana hakimu, ana dhamana, yote yameandikwa. Sisi tatizo letu ni moja tu, ndugu yangu. Hatujafanya."

Msabaha alifuta uso. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya miaka hamsini na mbili aliazimia kuvunja sheria, tena upesi.

Alianza na jagi la maji, akalipiga ukutani likapasuka. Inspekta alikuja, akalitazama, akaandika kwamba uharibifu huo ulikwisha kutarajiwa na umo ndani ya fomu ya awali. Msabaha akamtukana Waziri wa Amani ya Mapema kwa sauti ya kusikika barabarani, akianza na meno yake. Inspekta akasema matusi ni dalili, si kosa. Mwisho, Koplo Mwinchande alipoleta maji mengine, Msabaha alipitisha mkono kwenye nondo akamvua kofia ya serikali na kuificha kifuani. Koplo alibaki kichwa wazi, amefedheheka kwa niaba ya mzee.

"Baba, ukiitaka si useme tu," alisema. "Kaa nayo. Ninayo nyingine nyumbani."

Wizi ukawa umekufa hapo. Machano alicheka mpaka akajilaza sakafuni, na Msabaha naye, kwa yote yaliyomfika, akajikuta anacheka.

*

Alhamisi alikuja Kidawa na chakula. Mahabusu wa Kuwahi hawalishwi na serikali, kwani serikali haiwezi kugharamia kosa lisilokuwepo. Kwa hiyo kanuni ilibandikwa getini kwa wino mwekundu: ndugu yeyote aliyeleta chombo cha chakula asizuiwe, naye asubiri ndani ya uwanja mpaka chombo chake kitakapomalizwa, maana zamani vyombo vilikuwa vinapotea na kina mama walileta vurugu ambayo hata Sheria ya Kuwahi haikuiwahi.

Kidawa alikuwa na mikono yenye hina mbichi. Alisimama dirishani akimtazama baba yake anakula, naye baba akamweleza kila kitu kwa minong'ono: wezi wa mbuzi, jagi, kofia. Akamwambia pia, bila kumwangalia, kwamba amshauri Shomari asafiri kwa amani, miaka miwili si mingi. Alikuwa anasema uongo na wote wawili walijua.

Kidawa aligeuka akaitazama ile kanuni getini. Akavitazama viti, safu kwa safu, vyenye namba zake, vinavyolitazama dirisha.

"Baba, kosa lako linahitaji watu wangapi?"

"Mia nne."

"Basi kesho utakula sana," alisema, akachukua chombo chake akaondoka.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, foleni ilianza getini. Koplo Mwinchande alikuwa zamu peke yake, kwani Inspekta alikuwa makao makuu kwenye semina. Wa kwanza alikuwa shangazi wa Kidawa na sahani ya wali iliyofunikwa kwa kawa. Koplo akaandika jina lake na uhusiano wake na mahabusu. Wa pili alileta samaki wa kupaka. Wa tatu maandazi. Walikuja wa mtaa mzima na wa mitaa ya pili, kila mmoja na chombo chake, na mzee mmoja asiye na mtu wa kumpikia alileta yai moja la kuchemsha kwenye bakuli. Shekhe alileta halua. Shomari, ndani ya kanzu yake mpya, alishika papai bichi kwa sababu ndilo lililopatikana njiani. Koplo aliwaandika wote, na karibu na namba mia tatu alianza kuelewa. Aliilegeza shingo ya shati, akaitazama tena ile kanuni ya wino mwekundu, akaona haina pa kutokea. Akaendelea kuandika, tena kwa herufi kubwa.

Watu hawakuambiwa wakae. Walikuwa wamesimama na vyombo, mbele yao kulikuwa na viti.

Msabaha alisimama dirishani na kuona viti vyake vyote mia nne vimejaa. Maneno yote aliyoyazoea yakamtoka kichwani. Kidawa, kutoka safu ya mbele akiwa amejitanda mtandio, aliulizwa na shekhe kama ameridhia, akasema ameridhia. Shomari akapitisha mkono wa kulia kwenye nondo. Msabaha akaushika, akafungua kinywa, na kikatoka kilio cha mtu mzima. Hakuna aliyemharakisha. Machano, nyuma yake, alimwekea mkono begani.

"Nimekuoza binti yangu Kidawa," alisema mwishowe, "kwa mahari mliyokubaliana. Na umsuke vizuri kuliko mimi."

"Nimekubali," alisema Shomari, na kwa lile la pili akaongeza kwamba atajifunza.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi mahakamani, ng'ambo ya barabara.

*

Inspekta Pazi alirudi kutoka semina na cheti mkononi. Alisimama getini. Aliwaona watu mia nne, wamekaa karibukaribu, wanazungumza, na baadhi yao walikuwa wanaulizana habari za maisha.

"Afande," alisema Koplo Mwinchande akiwa amekakamaa, "kosa limetendeka."

Rangi ilimtoka Inspekta. Kwa miaka mitatu hakuna mtu yeyote Shwari nzima aliyelitenda kosa lake tarajiwa. Alimwita Koplo pembeni akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba dawa, kama hakuna namna ya kusema kwamba bado. Koplo akamwonyesha daftari. Majina mia nne, uhusiano na mahabusu, aina ya chakula. Viti vyenyewe vilikuwa na namba, kwa chaki ya serikali. Haikuwahi kutokea kesi yenye ushahidi safi namna ile.

Ikabidi mambo yaende kwa utaratibu wa kizamani. Mahakama ilikuwa haijafungwa, na hakimu, mama mmoja aitwaye Siwema mwenye kikohozi na miwani mizito, alimtazama Msabaha, akamtazama Inspekta, akauliza mtu huyu amefanya nini.

Inspekta alifungua faili. Alisema mtuhumiwa, akiwa ndani ya mahabusu ya serikali, mbele ya vielelezo vya serikali, kwa maarifa na makusudi, amemwoza binti yake.

Hakimu alimwomba arudie taratibu ili aandike vizuri. Inspekta akarudia. Hakimu akaomba tena, akasema kalamu ilikuwa haitoi wino. Mara ya tatu hata karani alikuwa ameinamisha kichwa mezani, mabega yanatikisika. Kisha hakimu akatoa dhamana hapohapo, akaamuru viti virudishwe kwa mwenyewe, akamtakia binti maisha mema. Jua lilikuwa bado halijazama. Msabaha alitoka nje akiwa mtuhumiwa kamili, mwenye kosa na tarehe ya kesi, huru kama mwizi wa mbuzi, na alitembea kifua mbele.

Walirudi kituoni pamoja, yeye na maharusi, kusaini karatasi ya viti. Inspekta Pazi alikuwa amekwisha kurudi kwenye upole wake. Aliwapongeza. Akawaomba wasubiri kidogo kaunta, akatoa fomu mpya, akaijaza kwa ule mwandiko wake mzuri, na kuisukuma mbele ya Kidawa.

Jina la mtuhumiwa: bado. Jinsia: bado. Tarehe ya kuzaliwa: inatarajiwa. Kosa: linafanyiwa kazi.

Alieleza kwamba hana kinyongo na mtu. Lakini kuanzia leo Kitopeni ina ukoo mmoja ambao kweli umetenda, na serikali haiwezi kuchelewa mara mbili kwenye nyumba moja. Mjukuu akizaliwa atakuta faili lake liko tayari, hatasumbuka. Kilichokosekana ni saini ya mama.

Msabaha aliisoma juu ya bega la binti yake. Alikuwa amecheka na jagi, amecheka na kofia, lakini hili halikumpa hata tabasamu. Alinyoosha mkono aichane ile karatasi. Kidawa akamshika mkono, akaivuta fomu karibu na macho yake, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kidole chenye hina kikishuka polepole.

"Afande," aliuliza, "siku ya kuachiwa mnaiandika wapi?"

Inspekta Pazi alitabasamu, akaichukua fomu amwonyeshe. Akatazama juu. Akatazama katikati. Akaigeuza, akaigeuza tena, akavaa miwani. Akamwita Koplo Mwinchande aje amsaidie kutafuta, wakaishika wawili chini ya dirisha penye mwanga, wakashuka nayo mstari mmoja mmoja mpaka chini kabisa, kwenye jina la mpiga chapa wa serikali, na hawakuiona.